Ulimi wa Duka

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kaanza matibabu ya meno. Gego la chini, kulia, limetoboka. Asubuhi alitoka hapa ameshika shavu, hataki kusemeshwa. Mchana karudi mdomo umekufa ganzi upande mmoja, kila akinywa maji yanamchuruzika kidevuni — na anacheka. Mtu katoka kuchokonolewa jino, cha kumchekesha nini?

Eti daktari ni mcheshi. Eti ana mkono mwepesi. Nikauliza, ni mzee? Hapana, wa makamo. Halafu akaongeza kwamba ana meno meupe sana. "Yamepangika, Fundi. Utadhani ya kwenye tangazo."

Nilirudi jikoni nikaukanda unga wa skonzi kama mtu anayelipa kisasi. Umeumuka vizuri kuliko siku zote.

Miaka yote hii ya ndoa sijawahi kuliona hilo gego. Yeye kakaa nalo saa nzima.

Jumanne, 4 Machi

Leo hakuonja.

Niliandike vizuri, maana nalitafuna peke yangu tangu asubuhi. Kijiko cha mke wangu kinaning'inia kwenye msumari kando ya oveni. Hakuna mwingine anayekigusa. Mimi nachanganya, nampigia kelele ngazini, "Bibie, ulimi!" naye anashuka, anachovya, anafumba macho. Sukari imezidi. Bado kidogo. Hapo hapo, usiguse tena. Krimu, shira, kijazo cha keki, maji ya sukari ya kupaka juu ya skonzi. Kila beseni na kila sufuria, tangu tunawasha oveni mpaka tunafunga duka. Yeye ndiye ulimi wa duka. Cheo nilimpa mwenyewe, mbele ya mama yake, na mama mkwe nusura alie.

Leo nimemwita kaja mikono nyuma. Daktari kamkataza. Kinachooza meno si wingi wa sukari tu, eti, ni mara ngapi inaingia. Kila ukionja, mdomo unakuwa na asidi, na mate yanahitaji nusu saa au zaidi kuisafisha. Yeye anaonja tena kabla mate hayajamaliza kazi. Meno yake hayapumziki kutwa nzima. Na vidonge vyake vya presha vinamkausha kinywa, kwa hiyo hata hayo mate ni ya kubahatisha. Na zile peremende anazomumunya ili kinywa kisikauke ndizo zinazommaliza kabisa.

Kayasema yote bila kukosea, kama mtoto aliyekariri masomo. Mimi nikimtuma hamira anasahau kabla hajafika mlangoni.

Sasa nani ataonja? "Si upo wewe," kasema, akanipiga begani, akapanda zake juu.

Mimi! Haya, na hili niliandike, hapa hakuna wa kusoma. Mimi sisikii ladha. Tangu ile homa ya miaka minne iliyopita. Homa iliondoka ikaenda na pua na ulimi wangu. Chai ni maji ya moto. Krimu ni kitu baridi, basi. Mkate naujua kwa macho, kwa vidole, kwa mlio wake nikiugonga chini. Utamu siujui. Fundi keki asiyejua utamu — nani angenunua hata biskuti? Kwa hiyo nilimpa mke wangu kijiko, nikampa na cheo. Alidhani ni mapenzi. Na mapenzi yalikuwemo, siyo kwamba hayakuwemo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemsindikiza kliniki. Kasema hakuna haja. Nikasema mume kumsindikiza mkewe nayo inahitaji haja?

Benchi la plastiki. Ukutani wamechora jino kubwa lenye macho na mikono, limeshika mswaki, linatabasamu. Nimekaa linanitazama mimi tu. Mlango wa ndani haukufungwa sawasawa. Nikasikia sauti nene, ya taratibu, inasema afungue kidogo zaidi, vizuri, hivyo hivyo, yeye ni jasiri sana.

Jasiri! Mwanamke huyu akiona mende anapanda juu ya kiti.

Akatoka naye, Bwana Meno mwenyewe. Meupe kweli. Nimempa mkono nikaukaza kuliko ilivyotakiwa, yeye kaupokea tu kama kawaida. Kasema gego amelisafisha na kuliziba kwa muda, linaweza kupona. Lakini mawili ya jirani yameanza kulainika. Mke wangu akiacha kuonja onja, yatakaza tena. Asipoacha, atayang'oa yote matatu, na hatapenda kuyang'oa. "Hasa kwa vile mama yake alipoteza yote mapema," akasema.

Kumbe wameshafika hadi kwa mama mkwe! Mimi mwenyewe ilinichukua miaka kujua kwamba mama mkwe anaziba mdomo akicheka kwa sababu hiyo. Nilidhani ni adabu.

Tulipokaribia nyumbani mke wangu akasema anaogopa kuwa kama mama, kula vya kuponda mpaka kufa. Kaniambia mimi, siyo Bwana Meno. Nimefurahi, halafu nikajionea haya kwa kufurahi.

Jumapili, 9 Machi

Mswaki mpya. Laini, wa kijani, kamchagulia Bwana Meno. Usiku anasimama mbele ya kioo anapiga mswaki taratibu huku anaimba puani. Zamani ilikuwa haraka haraka aje kulala.

Na hasukutui. Eti atatema tu, povu libaki, ile floraidi ikae kwenye meno usiku kucha, maana usiku mate yanapungua. Nikamletea kipande cha keki iliyobaki, kama desturi yetu ya Jumapili kitandani. Hapana, ameshapiga mswaki. Nikamsogelea. Akanigeuzia shavu — ameshapiga mswaki.

Kwa maneno mengine, mke wangu analala na dawa ya Bwana Meno mdomoni, na mimi nalala na kipande cha keki.

Kabla ya kuzima taa akaniangalia meno, akasema Mungu ana upendeleo. Mimi mara nyingine nalala bila mswaki na sina hata tundu moja. Yeye kahangaika na miswaki tangu utotoni. "Nakuonea wivu, Fundi, wallahi." Akacheka.

Yeye ananionea wivu mimi.

Jumanne, 11 Machi

Nimemjaribu shemeji. Mdogo wa mke wangu, anakaa kaunta. Nimemwambia nataka kumfundisha kazi. Nikampa krimu.

"Tamu, shemeji."

Nikampa shira. Tamu. Nikampa kijazo kabla sijatia sukari, makusudi, nimpime. Akamumunya, akafikiri, akasema tamu, ila ya kistaarabu. Huyu hata chaki angeisifia. Na kila anachoonja anaomba arudie ili ahakikishe. Meno yake yamejaa mapengo tayari, sasa nikimtia huko na huyu si nitamaliza ukoo mzima?

Jumatano, 12 Machi

Aibu.

Mama wa saluni ya jirani karudisha biskuti. Hakugomba, ni mstaarabu. Kasema tu zinanuka kama sabuni ya zamani, labda ni pua yake. Mke wangu kachukua moja, hakuionja, akainusa tu. Akaenda moja kwa moja kwenye friji, akafungua kopo la siagi, akarudisha kichwa nyuma.

"Fundi, siagi imechacha. Hukuinusa?"

Niliinusa, nikasema. Ilikuwa nzima.

Alinitazama. Si kwa hasira, alinitazama tu, kwa muda mrefu, kama anavyotazama keki ikiwa katikati imebonyea na yeye hajui kama ni oveni au ni unga. Kisha akaenda kumwaga.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kliniki peke yangu. Nimeaga kwamba nafuata karatasi za keki.

Sijui nilikwenda kufanya nini. Kumwambia Bwana Meno aachane na mke wangu? Aache nini, kumtibu? Nilipofika mapokezi nikasema jino linaniuma. Wakanipeleka ndani. Kile kiti! Unalala miguu juu, taa usoni, na mtu unayemchukia anakuchungulia koo.

Kagonga moja moja. Hili? Hapana. Hili? Hapana. Mwisho kasema haoni kitu, kinywa changu angependa kukipiga picha. Mate mengi, fizi nzuri, hakuna tundu hata moja. Kaniuliza kazi, ingawa anaijua. Akasema mafundi keki wengi anaowapata meno ya mbele yanakuwa yameliwa. Vumbi la unga na sukari hewani, na kuonja. "Wewe huonji?"

Mke wangu ndiye anayeonja, nikasema. Na sili vitamu.

"Chai?"

Bila sukari.

"Unaipenda hivyo?"

Nikasema naona ni sawa tu. Akanipa kikombe kidogo cha maji ya kahawia nisukutue. Nikasukutua, nikatema, nikafuta mdomo, nikamwangalia. Na yeye alikuwa ananiangalia.

"Hiyo dawa ni chungu kama shubiri," kasema. "Wanaume wazima wanaitema kabla haijafika shavuni. Wewe hata uso hukukunja."

Nilitaka kushuka kwenye kiti. Lakini miguu ilikuwa juu.

Akavuta stuli, akakaa. Akauliza tangu lini. Nikamwambia. Mtu wa kwanza katika dunia hii kumwambia, na ni yeye! Akaniuliza kama mke wangu anajua, nikasema hajui hili wala lile, na nikamwomba asimwambie. Akasema siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hana mdomo wa kuitoa. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya taratibu, kwamba sasa ameelewa. Mimi nina meno yangu yote kwa sababu mke wangu ndiye aliyekula sukari yangu.

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningemjibu.

Kaniandikia kwa daktari wa pua, huenda kuna la kufanya, kasema, ila asinidanganye. Nimerudi nyumbani bila karatasi za keki. Mke wangu kaniuliza ziko wapi, nikasema zimekwisha. Sasa Bwana Meno anajua magego ya mke wangu na ulimi wangu mimi, na mke wangu hajui chochote. Katika watu watatu, nani kajiweka nje?

Jumamosi, 15 Machi

Simu imelia wakati wa kufunga. Kliniki, kumkumbusha miadi. Mapokezi wangeweza kupiga, lakini Bwana Meno kapiga mwenyewe. Mke wangu kaongea akiwa dirishani, kanipa mgongo. Ndiyo daktari. Hapana daktari. Najitahidi daktari. Kacheka.

Nimeunguza trei nzima ya skonzi.

Jumatatu, 17 Machi

Sitaki kuandika hili.

Leo tulikuwa na keki ya ofisi, kubwa, watu wameshaagiza na jina la bosi wao juu. Krimu ilikuwa mbele yangu. Nilipima kwa mizani kama ninavyopima siku zote, lakini maziwa yalikuwa ya kopo jipya, mengine huwa yana sukari yake, nikaingiwa na wasiwasi. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Tangu Alhamisi najiandaa. Nimeshapanga hata neno la kwanza: bibie, kaa kwanza.

Akashuka, akaniona nimesimama na mwiko unadondoka. Akasema, "Umekwama?" Nikasema kidogo. Akaenda kwenye msumari, akachukua kijiko.

"Mara moja tu. Kwa ajili yako. Usimwambie daktari."

Nilitakiwa kumshika mkono. Mkono wake ulikuwa karibu kabisa na wangu. Na unajua nilichohisi, wewe mwanaume? Raha. Kwamba kwa mara moja kaniwekea siri mimi, kamficha yule. Nikamwacha aonje. Sukari imezidi, akasema, na ilikuwa imezidi. Tukarekebisha, akaonja tena. Halafu shira. Halafu tukarudi kama zamani, bibie ulimi, bibie ulimi, mpaka jioni, na duka likawa na kicheko.

Sasa kalala kwa upande wa kushoto, ameshika shavu la kulia. Kasema haliumi.

Alhamisi, 20 Machi

Kaenda kliniki peke yake.

Daktari alimwuliza kama ameonja tangu siku ile, akasema hakuonja. Kisha Bwana Meno akagusa jino la jirani na ule mchuma wake, ukazama kidogo, naye akaelewa bila kuambiwa. Kasema bado linaweza kuokolewa. Wiki mbili nyingine kama hizi haliwezi. Mke wangu kanisimulia akiwa anakunja nguo, haniangalii. Kasema ameona aibu kumdanganya mtu anayemhangaikia. Nikauliza na mimi je, mimi simhangaikii? Akalikunja shati langu, akaliweka, akasema, "Sijui, Fundi. Wewe unanihangaikia kwa kijiko."

Halafu jambo jingine. Bwana Meno kaagiza keki. Kwetu! Ya wafanyakazi wake, Jumamosi. Nikasema daktari wa meno gani analisha watu keki? Mke wangu kaniambia alishamwuliza. Keki haina ubaya ikiliwa mara moja, mezani, baada ya chakula, watu wakanywa maji wakanyanyuka. Ubaya ni kudokoa dokoa.

Kila neno analijua. Roho inaniuma, na hata sijui tena inaniuma kwa sababu ya nani.

Ijumaa, 21 Machi

Nimempigia daktari wa pua. Nafasi ni mwezi ujao. Sijamwambia mke wangu nimempigia nani, kaniona nakata simu haraka, kanyanyua nyusi. Sasa na yeye atadhani nina mtu.

Nimeipasua mifuko miwili ya peremende zake nikaitupa. Kanikuta. Kasema alishazitupa wiki iliyopita, hizo zilikuwa za shemeji.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nimesimama, kwenye meza ya unga.

Keki ya Bwana Meno imeshaiva na imepoa. Imekaa sawa, sitaki kujisifu lakini imekaa. Ilibaki krimu. Nilikuwa nahangaika nimwite shemeji au nibahatishe, mke wangu akashuka. Hakuangalia msumari. Aliingia stoo akafunga mlango, nikasikia kinu, kisha mwiko. Akatoka na mabakuli mawili, akayaweka mbele yangu. Krimu, nyeupe zote mbili, laini zote mbili.

"Moja nimetia sukari, nyingine chumvi," akasema. "Onja, uniambie tupake ipi."

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Alisema polepole, kama anavyosema na mteja aliyefiwa. Nikasema bibie, hatuna muda, mtu anakuja kuchukua keki. Akasema ameshakuja, anamsikia kaunta anaongea na mdogo wake. Akakitungua kijiko chake, akakifuta kwa aproni, akakiweka katikati ya mabakuli. "Usiwe na haraka, Fundi." Akaenda mbele.

Nawasikia. Bwana Meno kasema kitu, mke wangu kacheka kidogo, kile kicheko ambacho hakizibi mdomo. Daktari kamwambia siri yangu? Aliniambia hana mdomo wa kuitoa. Au ni ile siagi? Au ni miaka minne ya kunitazama nikinywa chai?

Nimeonja bakuli la kushoto. Baridi. La kulia. Baridi. Nimechukua kidogo kila upande nikasugua kati ya vidole, maana vidole vyangu havijawahi kuniangusha, chumvi nitaijua kwa chembe zake. Hakuna chembe. Amezisaga zote mbili ziwe unga. Anavijua vidole vyangu.

Nikitaja moja tu, naweza kupatia. Nikikosea nitaumbuka, tena mbele ya yule. Lakini nimesimama hapa nimefikiri, na nikipatia ndiyo mbaya zaidi. Nikipatia ataniamini. Ataniomba radhi kwa kunishuku. Na siku nitakayokwama tena atakichukua kijiko, mara moja tu, kwa ajili yangu, mpaka siku atakayoanza kuziba mdomo akicheka kama mama yake.

Bibie, kaa kwanza. Maneno hayo matatu tu.

Wamenyamaza huko mbele. Viatu vya mke wangu hivyo vinakuja, na vingine nyuma yake, vizito. Kijiko kiko mkononi mwangu. Kimesuguliwa miaka yote hii na ulimi wake mpaka kinang'aa, na ndani yake, kichwa chini, nayaona meno yangu, mazima yote.